Uzi: Programu za kupima ubongo kwenye picha za MRI – fungua picha kabla ya kuamini namba

Fundi Picha

Habari za wakati huu wakuu.

Vijana wengi wa uhandisi wa vifaatiba, wa mionzi na wa kompyuta wanauliza swali lilelile: nikitaka kuchambua picha za MRI za ubongo nianze na programu ipi? Nitajibu, ila jina la programu ndilo jambo dogo kuliko yote humu. Kubwa ni kwamba programu hizi hazikatai kazi. Ipe picha ya mtu aliyetikisa kichwa, au iliyopigwa kwa vipande vinene, na mara nyingi itakurudishia namba zenye desimali tatu bila kulalamika. Nimeona majedwali yaliyopangika vizuri kabisa, yametokana na ubongo ambao programu iliukata vibaya, na aliyeyaandaa hakuwahi kufungua picha hata moja. Hilo linaniuma, kwa sababu nyuma ya kila namba kuna mtu aliyelala ndani ya mashine ile.

Tuanzie kwenye mashine yenyewe. MRI, mashine ya sumaku, hutoa picha za vipande vingi vya ubongo katika faili za DICOM (muundo wa kawaida wa picha za hospitali), na faili hizo zimebeba pia jina la mgonjwa, tarehe na mipangilio ya mashine. Vipande vikipangwa pamoja tunapata vijichemraba vidogo vinavyoitwa vokseli, na kila kimoja kina namba ya mwangaza. Basi. Mashine haijui hapa ni gamba la ubongo wala pale ni maji. Kuyatambua hayo ndiyo kazi ya programu.

Hatua ya kwanza karibu kila mahali ni kugeuza DICOM kuwa NIfTI (muundo wa faili unaosomwa na programu za uchambuzi), na chombo kinachotumika sana ni dcm2niix cha Chris Rorden. Ni bure, chepesi, na kinakubali Windows. Baada ya hapo ndipo njia zinapoachana.

SPM ndiyo ya zamani zaidi kati ya zile kubwa. Karl Friston aliianza London mwaka 1991, na inatembea juu ya MATLAB, programu ya hesabu, ingawa kuna toleo linalojitegemea. AFNI iliandikwa na Robert Cox kule Wisconsin mwaka 1994, kisha ikahamia naye taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH. FSL ilitoka Oxford mwaka 2000, na ndani yake kuna BET ya kuvua fuvu, FAST ya kutenganisha sehemu ya kijivu (yenye seli za neva), nyeupe (nyuzi zinazoziunganisha) na maji, na FEAT kwa picha za ubongo ukiwa kazini. Wanaotaka kuangalia na kuchora kwa mkono wana 3D Slicer na ITK-SNAP. Zote hizi ni nzuri, sitazizungumzia zaidi.

Nitakaa kwenye FreeSurfer, kwa sababu ndiyo watu wengi wanaikimbilia na ndiyo inayoonyesha vizuri ninachotaka kusema.

FreeSurfer imetoka kituo cha Martinos, hospitali ya Massachusetts General, Boston. Bruce Fischl na Anders Dale ndio waliotoa makala zake za msingi mwaka 1999. Wazo lao lilikuwa zuri sana. Gamba la ubongo ni shuka lililokunjwa, kwa hiyo ukilipima kwa vokseli tu, kuta mbili za mkunjo mmoja zinaweza kuonekana kama kitu kimoja. Wao wakaamua kulichora gamba lenyewe: uso wa ndani linapokutana na sehemu nyeupe, na uso wa nje linapokutana na maji. Umbali kati ya nyuso hizo mbili ndio unene wa gamba. Kwa binadamu unene huo ni kati ya milimita 1 na 4.5 hivi, wastani ukiwa karibu 2.5.

Sasa tulieni hapo. Wastani ni milimita 2.5, na vokseli ya picha nzuri ni milimita 1. Ina maana programu inakisia mpaka unaopita katikati ya vokseli, kwa kufuata jinsi mwangaza unavyobadilika. Inaweza, na imethibitishwa kwamba inaweza, ila kwa sharti la picha ya T1 (aina ya picha ya MRI inayotumika sana kuonyesha umbo la ubongo) yenye vokseli za milimita 1 kila upande na tofauti ya kutosha kati ya kijivu na nyeupe. Sharti hilo likivunjika, kilichobaki ni makisio juu ya makisio.

Amri yenyewe ni fupi, recon-all, kisha unaiacha kompyuta ifanye kazi kwa saa nyingi, pengine usiku kucha. Asubuhi unakuta ubongo umegawanywa: hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu), thalamasi, vyumba vya maji, na gamba lenye maeneo 34 kila upande kwa atlasi (ramani ya mfano ya ubongo) ya Desikan na Killiany ya mwaka 2006. Atlasi hiyo ilitengenezwa kutokana na picha 40 tu. Siidharau, imefanya kazi kubwa duniani, lakini anayepima ubongo wa mtoto wa Tabora au mzee wa Kigoma ajue ubongo wake unalinganishwa na akina nani. Ile ya Talairach ya mwaka 1988, iliyotawala kwa miaka mingi, ilichorwa kutokana na ubongo wa mama mmoja wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 60.

Ngoja nipumzike kidogo, maswali ruksa.

Kijana wa Mionzi

Asante sana mkuu, naweka kambi hapa. Maswali mawili. Kompyuta yangu ni Windows, inawezekana? La pili ndilo zito: hospitali niliyofanyia mafunzo MRI za kichwa tunapiga vipande vya milimita 5 ili mgonjwa asikae sana, foleni ni ndefu. Ina maana picha zote zile hazifai kupimwa?

Fundi Picha

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike, mkuu.

Windows inawezekana kwa kuweka Linux ndani yake, ile WSL. FreeSurfer na FSL zote zinatembea humo. RAM ningeshauri GB 16. Chini ya hapo utaanza kuona kazi zinakufa njiani. Leseni ya FreeSurfer ni bure, unajiandikisha wanakutumia faili dogo. Ukichoka kusakinisha moja moja, Neurodesk ya Chuo Kikuu cha Queensland imezifunga nyingi pamoja.

Sasa vipande vinene. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo, hazifai. Watafiti wa nje walikuwa wanazitupa. Na tafakari maana yake kwetu: karibu kila picha ya ubongo inayopigwa kwa ajili ya tiba kwenye hospitali zetu ilikuwa nje ya sayansi hii. Ugonjwa upo, mashine ipo, picha ipo, lakini programu haiitaki.

Kilichobadilisha mambo ni SynthSeg. Benjamin Billot na wenzake, akiwemo Juan Eugenio Iglesias, waliichapisha mwaka 2023, na sasa imo ndani ya FreeSurfer. Programu za akili mnemba zilizotangulia zilifundishwa kwa picha halisi za mashine fulani, zikikutana na mashine nyingine zinapotea. Hawa hawakuifundisha kwa picha halisi. Walichukua ramani za ubongo zilizokwisha kugawanywa, wakazitengenezea picha za bandia kwa mwangaza wa kubahatisha: kijivu kikawa cheupe, cheupe kikawa cheusi, vipande vikanenepeshwa, ukungu na mikwaruzo ikaongezwa. Programu ikaona kila aina ya ubaya ambao hata mashine halisi haiwezi kuutoa. Ikitoka hapo, ukiipa T2 (aina nyingine ya picha ya MRI) ya milimita 5 kutoka wilayani haishtuki.

Amri yake ni mri_synthseg. Haidai saa nyingi. Weka pia --vol upate ujazo wa kila sehemu kwenye jedwali, na --qc upate alama za ubora. Hizo alama zisomeni. Mtu akiniletea ujazo wa hipokampasi bila alama ya ubora siupokei.

Lakini msivuke mpaka. SynthSeg inakuletea ujazo wa sehemu kubwa kwa uaminifu mzuri hata kwenye vipande vinene. Unene wa gamba kwenye picha ya milimita 5 ni jambo jingine kabisa. Mkunjo mzima unaweza kujificha ndani ya kipande kimoja. Huwezi kurudisha ambacho mashine haikukipiga.

Bibi Takwimu

Uzi mzuri. Naomba nichokoze kidogo. Mwaka 2016 si walisema programu hizi zote zina kasoro na tafiti 40,000 ni batili? Tunaanzaje kuwafundisha vijana vitu ambavyo vimeshabomoka?

Fundi Picha

Asante kwa kulileta, kwa sababu habari ile ilienea ikiwa nusu.

Anders Eklund, Tom Nichols na Hans Knutsson walichukua picha za watu 499 wenye afya waliokuwa wamepumzika tu kwenye mashine, bila kazi yoyote. Wakajifanya kuna kazi, wakawagawa makundi kwa kubahatisha na kuchambua karibu mara milioni 3 kwa SPM, FSL na AFNI. Kwa kuwa hakuna tofauti ya kweli, majibu ya uongo yalitakiwa yasizidi asilimia 5. Kwa njia fulani ya kuhesabu vishada vya vokseli yalifika hadi asilimia 70. Juu ya hapo AFNI ilikuwa na kosa la kimsimbo lililokaa miaka 15 kabla ya kurekebishwa mwaka 2015.

Hiyo namba ya tafiti 40,000 waandishi wenyewe waliiondoa baadaye. Nichols alikadiria kwamba zinazogusika kweli zilikuwa karibu 3,500. Na kasoro ile ilihusu picha za ubongo ukiwa kazini, tena takwimu za vishada, haikuhusu kupima ujazo wala unene. Kwa hiyo si kila kitu kimebomoka, ila asiyesoma njia aliyotumia hana pa kujitetea.

Kwa upande wa ujazo nao wamo waliotuonya mapema zaidi. Mwaka 2012 Ed Gronenschild na wenzake wa Maastricht walipitisha picha zilezile za watu 30 kwenye matoleo tofauti ya FreeSurfer. Picha hazikuguswa. Ujazo ukatofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8, unene asilimia 2.8. Walipobadilisha aina ya kompyuta au toleo la mfumo endeshi wa Mac, bado tofauti zikaonekana, ingawa ndogo. Asilimia 8.8 ni kubwa kuliko tofauti ambazo watu wengi huandikia makala za ugonjwa.

Kwa hiyo sheria yangu haina mjadala: utafiti mmoja, toleo moja, kompyuta moja, kuanzia mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho. Toleo jipya likitoka katikati ya kazi, liache. Ukilitaka, rudia wote.

Bibi Takwimu

Nimeelewa, na hapo kwenye toleo moja umenigusa. Nimeshapitia tasnifu zisizotaja toleo kabisa. Naongeza moja: mwaka 2020 timu 70 zilipewa data ileile ya watu 108 na dhana 9 za kupima. Hakuna timu mbili zilizofuata njia ileile, na majibu yakatofautiana kwenye dhana kadhaa. Vijana waandike njia yao kabla ya kugusa data.

Mkaazi wa Bungoma

Hamjambo. Mimi niko upande wa Kenya, karibu na mpaka. Watoto wenye vichwa vikubwa kwa kujaa maji kutoka huku kwetu wengi huvushwa kwenda hospitali ya CURE kule Mbale, Uganda. Je, hizi programu zinaweza kuwasaidia watoto kama hao?

Fundi Picha

Ndugu yangu umetaja mahali ambapo kupima ubongo kwa kompyuta kumefanya kazi ya maana sana, tena Afrika Mashariki.

Pale Mbale Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa kutumia kamera ndogo: wanatoboa njia ya maji ndani ya ubongo na kuchoma kidogo tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asitegemee mrija wa kutoa maji kichwani. Mrija ukiziba kijijini, mbali na hospitali, mtoto anaweza kufa. Swali likawa: je, ubongo unakua sawasawa kwa upasuaji huu kama kwa mrija? Mwaka 2017 matokeo ya watoto 100 wa chini ya miezi 6 yalichapishwa katika New England Journal of Medicine. Mbali na kupima uelewa wa mtoto, walipima ujazo wa ubongo kwenye picha. Baada ya miezi 12 hakukuwa na tofauti kubwa kati ya makundi mawili. Picha zilikuwa za CT (za mionzi ya X), si MRI, lakini kazi ya kutenganisha ubongo na maji kwenye picha ndiyo hiihii tunayoijadili.

Ila FreeSurfer ya kawaida msiipe mtoto huyo. Imefundishwa kwa watu wazima. Katika miezi ya kwanza T1 ya mtoto mchanga imegeuka: sehemu nyeupe ni nyeusi kuliko kijivu, na karibu na miezi 6 zinafanana kabisa. Ongeza vyumba vya maji vilivyojaa hadi kubana gamba kwenye fuvu, programu haitakuwa na pa kushika. Lipo toleo la watoto hadi miaka 2, lakini hata hilo ubongo uliojaa maji kiasi hicho utaangaliwa kwa macho, na mara nyingine kuchorwa kwa mkono.

Na mashine zenyewe zinabadilika. Hyperfine Swoop, mashine ndogo ya MRI, ina nguvu ya sumaku ya tesla 0.064 (T), wakati za kawaida hospitalini ni 1.5 au 3. Inasukumwa hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Huko Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na Leiden, Delft na Penn State, waliunganisha mashine ya sumaku hafifu palepale chuoni kutokana na vipuri. Picha zake zina ukungu, na ndiyo sababu programu zilizofundishwa kuvumilia ukungu zina thamani kubwa kwetu kuliko kwa wenye mashine za 3 T.

Mama Wawili

Samahani naingilia, mimi si mtaalamu. Mama yangu ana miaka 71, amepigwa MRI kwa sababu ya kusahau. Majibu yameandikwa ubongo umesinyaa kidogo kulingana na umri. CD ninayo. Je, naweza kumpa kijana wangu wa chuo aipitishe kwenye hizo programu tujue kama ni ugonjwa wa kusahau?

Fundi Picha

Pole sana dada, na mpe mama salamu zangu.

Nakuomba usifanye hivyo. FreeSurfer na FSL zenyewe zinasema si za kutolea majibu ya mgonjwa. Zinafaa kulinganisha makundi ya watu. Kwa mtu mmoja, ujazo wa hipokampasi lazima ulinganishwe na watu wa umri wake, ukubwa wa kichwa chake, mashine ileile. Tena mama akiwa alitikisika kidogo, programu itasema ubongo ni mwembamba kuliko ulivyo. Martin Reuter na wenzake walionyesha hilo mwaka 2015: waliwaambia watu wenye afya watingishe vichwa makusudi ndani ya mashine, na gamba "likapungua" papo hapo.

Chukua CD pamoja na majibu, mpeleke kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Atampima kumbukumbu kwa maswali, na ataangalia damu, tezi ya shingo, vitamini B12 na dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya visababishi vya kusahau vinatibika. Usikae na CD nyumbani.

Mama Wawili

Asante mno. B12 hawajawahi kumpima. Nitampeleka.

Kijana wa Mionzi

Mkuu, nianzie wapi kupata picha za kufanyia mazoezi? Kuna jamaa ana folda la wagonjwa wa hospitali amesema atanitumia kwa WhatsApp.

Fundi Picha

Hapana. Na mwambie afute.

Kufuta jina kwenye DICOM hakutoshi. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walitengeneza sura kutoka kwenye MRI za watu 84 waliojitolea, wakazipitisha kwenye programu ya kutambua nyuso pamoja na picha zao za kawaida. Iliwatambua 70. Picha ya kichwa ina pua, macho na kidevu cha mtu. Kabla ya kushirikishana unaondoa sura kwa pydeface au mri_deface, na kabla ya hapo unahitaji kibali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019.

Kwa mazoezi pakua IXI, picha za watu karibu 600 wenye afya kutoka hospitali tatu za London, mashine za 1.5 na 3 T. Ni bure. OpenNeuro, hazina ya picha za wazi mtandaoni, nayo ina nyingi. Ukitaka za huku kwetu, tafuta BraTS-Africa, picha za uvimbe wa ubongo zilizokusanywa Afrika na kutumika kwenye mashindano tangu 2023. Kuna pia mafunzo ya SPARK yanayowaandaa Waafrika kwa mashindano hayo.

Kijana wa Mionzi

Nimerudi wakuu. Nimepakua IXI, nimepitisha mmoja kwenye recon-all, imemaliza bila kosa lolote. Nikafungua kama ulivyosema. Chini ya ubongo, upande wa masikio, ule mstari wa uso wa nje umetoka nje ya gamba na kuingia kwenye utando. Namba za unene eneo hilo ni kubwa kuliko upande wa pili. Hiyo ni kawaida?

Fundi Picha

Umefanya kazi nzuri sana kulikamata hilo. Ni kasoro ya kawaida mno. Utando na gamba vina mwangaza unaokaribiana kwenye T1, na pale chini vimegusana.

Fungua freeview (kitazamio cha FreeSurfer), weka brainmask.mgz (picha ya ubongo uliovuliwa fuvu), juu yake nyuso za lh.white na lh.pial (uso wa ndani na wa nje, upande wa kushoto), na za rh (kulia) pia. Pita kipande kwa kipande kwa mtazamo wa kutoka mbele kwenda nyuma. Utando ulioachwa ndani ya brainmask ufute kwa brashi, hifadhi, kisha rudia kwa -autorecon-pial badala ya kuanza upya. Kama tatizo lingekuwa mstari wa ndani umeacha sehemu nyeupe, ungeweka alama za udhibiti (nukta za kuonyesha kwamba hapo ni sehemu nyeupe) na kurudia kwa -autorecon2-cp na -autorecon3.

Andika kwenye daftari umegusa kipande namba ngapi hadi ngapi. Ukimaliza weka hapa picha ya kabla na ya baada, vipande vitatu vya eneo hilohilo, tuangalie pamoja kabla hujaenda kwa mtu wa pili.